Namba Kwenye Tepu

Gari la mashindano halina spidomita. Watu hushangaa wakisikia hivyo. Wanadhani dereva anayekwenda maili mia na tisini kwa saa lazima awe na mshale wa kumwambia. Hana. Ana geji ya mizunguko ya injini, ana masikio, na chini ya geji ana kipande cha tepu nyeupe chenye namba niliyoiandika mimi.

Namba hiyo ni ya njia ya piti, kule magari yanakoingia kujazwa mafuta na kubadilishwa matairi. Uwanjani kimbia utakavyo, lakini kwenye piti mwisho ni maili hamsini na tano, ukizidisha unaadhibiwa. Kazi yangu ilikuwa kupiga hesabu: ukiwa gia ya pili, kwa difu hii na tairi hili, injini isizidi mizunguko kadhaa. Mdogo wangu Garnet, dereva wetu, aliitazama namba, akakanyaga mafuta. Hakuwahi kuniuliza nimeipataje.

Sisi Shumate ni watu wa Bracken Fork, uwanja wa nusu maili uliobanwa kati ya vilima vya Carolina. Pale mwendo si kitu. Pale ni kusukumana, kukwaruzana, na kurudi nyumbani na rangi ya gari la jirani ubavuni. Mama, Ocie Shumate, alikuwa na kiti chake safu ya nne na mfuko wake wa karanga za kuchemsha.

“Hapa namwona mwanangu anavyosaga meno,” alikuwa akisema. “Huko kwenye viwanja vikubwa mnaona nini? Rangi zinapita tu. Ukipiga chafya wameshazunguka!”

Lakini watu walikuwa wameshahamia huko kwenye rangi zinazopita. Kila mwaka safu za Bracken Fork zilizidi kuwa tupu, na kila mwaka Calhoun, uwanja wa maili mbili na nusu za lami, waliongeza viti. Sisi tungeshindaje Calhoun, na injini yetu ya kuungaunga? Kisha gari moja likapaa, likararua uzio mbele ya mashabiki, na wakubwa wakaamuru kila kabureta iwekewe kisahani chenye matundu manne madogo, injini zikose pumzi. Madereva walitukana. Wazee wa kwetu walisema mchezo umekufa. Mimi nilicheka peke yangu gereji, maana kisahani kile kiliwafanya matajiri na maskini wakimbie sawasawa, magari arobaini bampa kwa bampa, na katika msukumano wa namna hiyo hakuna aliyemweza Garnet. Ilikuwa Bracken Fork, ila kubwa.

Basi ikaja ile Jumapili ya Mei, mwaka tisini na nne. Mwenye gari alikuwa ametuambia wazi: tusiposhinda msimu huu, anafunga gereji. Asubuhi Garnet aliniambia injini inalia mno, anataka difu nyingine ya mwendo mrefu zaidi, gari liende kasi zaidi kwa mizunguko ile ile ya injini. Niliibadilisha kwa mikono yangu, mgongo kwenye saruji, nikaifunga nikaridhika. Nikainuka nibandike tepu mpya, na hapo hapo nikasikia, “We Loyd! Hivi mtu mzima anakaliaje chuma kama hiki?” Mama alikuwa amekuja Calhoun kwa mara ya kwanza maishani. Nikaenda kumtafutia mto. Tepu ya jana ikabaki.

Katika mizunguko ya kupasha moto, gari la kuongoza hutembea kwa mwendo ule ule wa piti, ili kila dereva ahakikishe namba yake. Garnet alikuwa na kalamu ya nta, kaifunga kwa uzi pembeni ya geji, ya kuandikia joto la maji. Nilimsikia redioni.

“Kaka, hapa nyuma ya gari la kuongoza geji inasema elfu tatu mia tisa. Tepu yako inasema elfu nne mia mbili.”

Calhoun mashabiki hukodi vifaa vya kusikiliza redio zetu. Watu wangapi walikuwa wananisikia, sijui. Mama alikuwa anasikia, hilo najua, maana nilimvalisha mwenyewe. Ningesema tu, “Subiri, niangalie.” Maneno mawili!

“Wewe shika usukani,” nilimwambia. “Hesabu niachie mimi.”

Redio ikakwaruza.

“Sawa, kaka.”

Alikimbia siku ile mpaka waliokuwa wakituonea huruma wakaanza kutuogopa. Alipita katikati ya magari mawili pasipo nafasi, akatoka mbele. Ilipobaki mizunguko kumi na miwili alikuwa anaongoza. Kilichobaki ni kuingia kuongeza mafuta, kutoka, na kwenda nyumbani na kombe. Akaingia. Nililiona gari likija kwenye piti, na kabla hajasimama mwili wangu ulishajua, maana lilikuwa linakuja haraka mno. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile difu.

“Namba sitini na saba,” msimamizi wa mashindano alilitaja gari letu redioni. “Mwendo kwenye piti.”

Adhabu ni kupita tena piti polepole, huku wenzako wote wanakupita uwanjani. Garnet alimaliza wa ishirini na tatu. Mama alivua vile vya masikioni, akaviweka mapajani.

Waandishi walimzunguka. Nilisimama hatua mbili tu kutoka pale, tepu ile bado mle garini.

“Mguu wangu ulikuwa mzito leo,” Garnet alisema. “Basi.”

Njiani, saa nne za barabara, aliniuliza jambo moja tu, kama nataka nusu ya mkate wake wa jibini. Nikasema sitaki.

Gereji ilifungwa mwezi wa kumi. Mwenye gari alimwachia Garnet ile sitini na saba, iwe ukumbusho. Akaifungia bandani kwake. Miaka ikaenda. Tulisalimiana, tuliulizana afya, tulibeba pamoja jeneza la Mama. Siku ile ya mazishi nilijikaza.

“Garnet, ile siku ya Calhoun...”

“Siku ipi?” akasema, akaenda kujimiminia kahawa.

Nikapumua. Aibu yangu ndiyo hiyo: nilipumua. Nilijiambia kumbe hakujua, kumbe hata yeye aliamini ni mguu wake, na kwamba kumwambia sasa ni kumtonesha tu. Nikaishi na uongo huo miaka kumi na mmoja. Bracken Fork ikafungwa, magugu yakaota kwenye safu ya nne, na mimi Jumamosi nilibaki nyumbani na redio iliyozimwa.

Februari hii moyo wake ulisimama akiwa anaokota kuni. Hakuacha mke wala mtoto, kwa hiyo ufunguo wa banda niliachiwa mimi. Nilikwenda mchana, nikaondoa turubai, nikajipenyeza dirishani kwa taabu maana gari hizi hazina milango, nikakaa kwenye kiti chake. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Kalamu ya nta ilikuwa bado inaning'inia kwenye uzi wake.

Tepu yangu ilikuwepo, imegeuka njano: 4200. Chini yake, moja kwa moja kwenye bati, kwa mwandiko wa Garnet, palikuwa na namba nyingine, ile aliyonisomea redioni: 3900. Alikuwa ameiandika, kisha akaikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nikasema kwa sauti, ndani ya lile banda lisilo na mtu, “Ulikuwa sahihi, mdogo wangu.” Nikangoja, kama nilivyokuwa nikingoja jibu lake redioni.