Vikopo Vyeusi

Zipu ilikwama katikati ya mgongo, na Zlatina akabaki ndani ya chupa. Ilikuwa chupa ya kuvaa, ya sponji ya kijani, ndefu kumpita mwenyewe, yenye kidirisha cha wavu usoni. Asubuhi nzima alikuwa amecheza akiwa ameivaa mbele ya wanafunzi wa mji wa Yambol waliokuja kukitembelea kiwanda cha kuchambulia taka. Sasa alitaka maji ya kunywa, na mikono yake haikufika nyuma.

Akaketi kwenye benchi la ukumbini, jasho likimchuruzika. Zamani alifundisha baiolojia. Shule ya kijijini kwao ilipofungwa kwa kukosa watoto, kampuni hii ilimwajiri kuelimisha watu juu ya urejelezaji wa plastiki: mashuleni, viwandani, sokoni. Mumewe, Plamen, aliendesha lori la kampuni hiyohiyo. Nyumbani kwao hapakuwa na mkate uliotoka kwingine.

Meneja Kamen aliingia na mgeni wake, Bwana Dobrev, mwenye kiwanda cha mtindi. Wakasimama karibu na benchi.

"Hivi vikopo vyangu vyeusi," Dobrev aliuliza, "mashine yenu inavichambua kweli?"

"Haivioni. Inatambua plastiki kwa mwanga unaorudi, na weusi unaumeza mwanga. Vinapita mpaka mwisho, halafu vinapelekwa kuchomwa kwenye tanuri la kiwanda cha saruji."

"Na watu mnawaambia wavioshe?"

"Wakiosha, wanazoea. La maana ni kuzoea."

Dobrev akaitupia jicho ile chupa. "Kuna mtu humo?"

"Zlatina. Usiwe na wasiwasi, huyo ni wetu."

Zlatina aliyasikia yote. Mwaka uliopita alimwuliza Kamen habari za vikopo vile, akajibiwa kwamba imewekwa mashine mpya inayoviona. Aliridhika. Au pengine alitaka tu kuridhika, kwa kuwa mtu aliyechoka hupokea jibu lolote lenye umbo la jibu. Ndani ya sponji hewa ilikuwa nzito, ya jasho lake mwenyewe.

Mchana watu walikusanyika ukumbini: wanafunzi mbele, wakazi wa mtaa nyuma, Dobrev kwenye kiti cha heshima. Wafanyakazi wawili walikuwa wamepambana na zipu wakashindwa, basi Zlatina akasukumwa jukwaani vilevile, akawasalimu watu kutoka ndani ya chupa.

Bibi Stoyna, jirani yake wa ghorofa ya nne, akainuka na mfuko uliojaa vikopo vya mtindi, vyeupe na vyeusi, vinavyong'aa kwa usafi.

"Zlatina mwanangu, najua ni wewe humo. Sauti hiyo naisikia ukigombana na Plamen." Watu wakacheka. "Wewe ndiye uliyenifundisha kuosha hivi. Maji ya moto, sabuni, na mgongo wenyewe ndio huu. Majirani wananisema, eti naziogesha taka kama vichanga. Hebu niambie nikawafunge midomo: baadaye vinakuwa nini?"

Jibu alilijua kwa moyo: benchi la bustani, fulana, kikopo kingine. Likamfika ulimini. Kupitia wavu alimwona Kamen akitabasamu, na akilini akamwona Plamen akirudisha funguo za lori. Uso wa Bibi Stoyna haukuonekana. Kidirisha kilimwonyesha mikono tu, myekundu, iliyochanika vidoleni.

"Vyeupe vinakuwa vitu vingine, bibi. Hivi vyeusi vinachomwa."

"Vyote?"

"Vyote. Hata vikiwa safi."

Msichana mmoja wa mbele akanyoosha mkono. "Sasa kwa nini vinatengenezwa vyeusi?"

"Mwenye kiwanda huyo hapo. Mwulizeni kwa adabu."

Dobrev akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Wateja wanavipenda. Vinaonekana vya hadhi."

"Mteja ni mimi," alisema Bibi Stoyna. "Nami nimekula mtindi, sijala kikopo."

Kicheko kikazuka, lakini yeye hakucheka. Akaufunga mfuko wake, akatoka bila kuaga, bila hata kuitazama ile chupa.

Baadaye zipu ilikatwa kwa mkasi. Zlatina alikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo Kamen alipotokea mlangoni. Zlatina alingoja kufukuzwa; kwa siri alikuwa ameanza hata kutamani iwe hivyo.

"Jumatatu una shule mjini Sliven," alisema Kamen. "Gari litaondoka saa mbili."

"Hunifukuzi?"

"Nikufukuze ukaongee na magazeti? Watu watasahau. Utashonewa zipu, utacheza, utarudi. Plamen naye ataendelea na kazi yake. Kuna ubaya gani?"

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomwogopesha. Zlatina akajifuta uso kwa taulo, taratibu, kisha akamtazama.

"Nitakwenda. Wakiniuliza, nitajibu."

"Utajibu nini?"

"Watakachouliza."

Kamen alibaki kizingitini. Hakuondoka, wala hakumpisha apite.