Kibodi za Maboksi

Jumatatu asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, mwalimu wa darasa la mwisho alikuwa amepiga magoti kwenye varanda ya shule, akikata maboksi kwa kisu cha jikoni. Maboksi yalikuwa ya kompyuta ishirini zilizoletwa miaka mitatu nyuma. Kompyuta zenyewe zilikuwa nzima, zimo bado kwenye mifuko yake ya plastiki, ndani ya chumba chenye zulia na mapazia ambacho mtoto hajawahi kukanyaga. Zilikuwa zinangoja mpango.

Mpango wa Matumizi Bora ya Teknolojia uliandikwa na kamati ya watu saba, kila Alhamisi, wakati wa chai. Ulikuwa umefika ukurasa wa mia nne na kumi na mbili. Mwaka wa kwanza kamati ilikubaliana rangi ya mapazia. Mwaka wa pili ilijadili kama watoto wavue viatu mlangoni, na wakishavua, soksi ziwe za namna gani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu, ambaye ufunguo wa chumba aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na ambaye pia alikuwa baba mdogo wa mwalimu wetu huyu.

Ijumaa iliyopita mwalimu alikuwa amemfuata nyumbani, akitumaini huko atasikilizwa kama mtoto wa ndugu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, chai hiyo hapo."

"Mtihani wa mwisho mwaka huu unafanywa kwa kompyuta. Zimebaki wiki sita. Watoto wangu thelathini na wanane hawajagusa hata moja."

"Mambo haya hayataki pupa, mama."

"Nipe saa moja tu kwa wiki."

"Saa moja imo. Nadhani ukurasa wa mia mbili na kitu. Mpango ukipita utaipata."

Alijua amegonga mwamba. Alijua pia kwamba atakayeanguka mtihani ule shule yake imeishia hapo, na jambo hilo lilimnyima usingizi. Ndiyo maana alikuwa anakata maboksi.

Alichora kibodi thelathini na nane kwa kalamu ya wino mzito, herufi moja moja. Alipomaliza, vidole vimekufa ganzi, akagundua amesahau kitufe cha kufutia. Alikisahau kwenye zote. Hakuwa na nguvu za kurudia.

Watoto walianza kugonga maboksi, polepole, kisha haraka. Jumanne ya wiki ya pili, kipindi cha tatu, waliyokuwa wanayachapa yakaanza kutokea ubaoni, kwa chaki, mwandiko safi. Mwalimu alisikia mkwaruzo nyuma yake, akageuka, akasoma, na akaona kwamba Redio amekosea hesabu. Redio ni msichana wa dawati la mbele, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Alikuwa ameandika kwamba saba mara nane ni hamsini na nne.

"Futa," mwalimu alisema.

Haikufutika. Kitufe hakikuchorwa, basi kilichochapwa kikabaki. Dasta ilipita juu ya ile hamsini na nne ikatoka safi kama ilivyoingia, na maji nayo hayakufua dafu. Toka siku hiyo darasa likawa linafikiri kwanza. Hata Redio alikaa kimya dakika nzima, kidole hewani, mpaka mama yake akaja shuleni kuuliza kama mtoto anaumwa.

Ubao ulipojaa, maandishi yalihamia ukutani, kisha darini. Wiki ya nne watoto walishauriana na Redio akachapa barua: "Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba chumba kifunguliwe. Viatu tutavua. Soksi tunazo." Dari haikuwa na nafasi, kwa hiyo barua ilipenya kuta mbili ikatokea kwenye chumba cha mikutano, juu ya kabati la vikombe. Ilikuwa Alhamisi.

Kamati iliisoma. Katibu akainakili kwenye kumbukumbu za kikao, na mjumbe mmoja akausifu mwandiko. Mwenyekiti alimwita mwalimu akamuuliza imechapwa kwa kifaa gani.

"Kwa maboksi, mkuu."

Mwenyekiti alizungusha kijiko kwenye kikombe. "Kama yanaandika, ni teknolojia. Na kama ni teknolojia, yangoje mpango."

Mchana huo alizikusanya kibodi zote thelathini na nane kwa mikono yake. Alivua viatu, akazipanga juu ya zulia, akazifunika plastiki, akafunga. Mwalimu alisimama varandani akimtazama, hasira zimemjaa mpaka machozi yakamlengalenga, lakini akamsogezea viatu vyake, maana yule ni mkubwa wake kazini na mzazi wake nyumbani.

Siku ya mtihani mpango ulikuwa umefika ukurasa wa mia nne na thelathini. Chumba hakikufunguliwa, kwa hiyo msimamizi alisoma maswali kwa sauti. Watoto walichapa juu ya madawati matupu, vidole vikikumbuka njia, na majibu yakatokea moja kwa moja kwenye kuta za ofisi ya mitihani, mbali huko mjini, kila jibu na namba yake. Makarani walileta ngazi wakasahihisha. Swali la kumi lilikuwa saba mara nane. Redio alitazama ubao, akaiona hamsini na nne yake, akajua lipi asiandike.

Walifaulu wote.

Barua ya pongezi ilikuja kutoka mjini kwa jina la kamati, ikisifu mpango wake uliozaa matunda. Pamoja nayo lilikuja lori lenye kompyuta arobaini mpya.

"Unaona, mwanangu?" baba mdogo alimwambia. "Subira yetu imelipa."

Kompyuta ziliingizwa chumbani, zikafungiwa. Alhamisi iliyofuata kamati ilikaa kupanga upya, na kwa kuwa ile barua ya watoto haikufutika juu ya kabati, ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya pazia la kuifunika.

Mwalimu hakuomba ufunguo. Aliomba maboksi, akapewa. Darasa jipya lina watoto arobaini na wawili. Alipiga magoti varandani na kisu chake cha jikoni, akakata, akachora herufi moja moja, na kitufe cha kufutia akakiacha makusudi.