Kipimo cha Marehemu Maganga

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, Mbuke alikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari, Geita mjini, akisubiri vidonge. Alikuwa na miaka arobaini na minne na alikuwa akiwapikia ugali wachimbaji wa Nyarugusu. Wiki iliyotangulia alianguka jikoni, mwiko ukiwa mkononi. Muuguzi Asteria alimpima, akamweleza kuwa sukari hii haiponi, inatunzwa tu mpaka mtu anapokufa. Vidonge vilikuwa vimeisha, akaambiwa arudi. Sasa alikuwa amerudi, na vidonge bado havijafika.

Baba yake, mzee Maganga, akaja akakaa pembeni yake. Alikuwa amekufa miaka tisa iliyopita. Alivaa koti walilomzika nalo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa bado umefungwa kitambaa kwa sababu ya kidonda ambacho hakikupona. Mbuke akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Wagonjwa wengine wakasogea kumpisha.

Mzee alisema amesikia habari za mwanawe: kiu isiyokatika, kukojoa kila mara, kukonda huku anakula, nyayo kuwaka kama zimekanyaga makaa. Yote hayo yeye aliyapitia. Akaomba naye apimwe.

Asteria alimuuliza umri. Mzee akauliza ataje wa siku aliyokufa au wa leo. Asteria akaandika wa siku ile kwenye kadi. Damu ilitoka kwa shida, nyeusi na ya baridi, na kipimo kikaonyesha herufi mbili tu, maana yake sukari imepita kiasi kinachosomeka.

"Ni kisukari, baba," Asteria akasema. "Tena cha muda mrefu."

Mzee akaitazama ile mashine ndogo. "Basi Minza hakuniroga," akasema.

Minza alikuwa dada yake. Miaka tisa nyuma, kule Didia, mganga alisema mgonjwa analiwa na damu yake mwenyewe, na ukoo ukakaa kikao. Mbuke ndiye aliyesimama akasema amemwona shangazi akitia kitu kwenye uji wa baba. Nyumba ya Minza ikachomwa. Akaondoka kwa miguu na kifurushi kimoja, na shamba lake akapewa Nkwabi, kaka yake Mbuke.

Kwa hiyo baba na binti wakaenda Didia. Nkwabi alimpokea baba yake kwa adabu, akampa kigoda, akachinja kuku. Alisoma kadi ya kliniki mara mbili. Kisha akaeleza kuwa ukoo ulishaamua, na marehemu hana kauli kwenye kikao. Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa, akamwandika mzee kwenye daftari la wageni, akasema shauri lile lilifungwa na watu waliokuwa hai.

"Nilikuwa hai," mzee akasema.

"Ulikuwa mgonjwa, baba," Nkwabi akamjibu kwa upole.

Kesho yake wakaenda Ushirombo. Minza alikuwa akiishi chumba cha uani kwa familia moja ya Kikatoliki, akiwabangulia karanga. Mbuke akapiga magoti, akasema kile alichokiona kwenye uji kilikuwa chumvi.

"Najua ni chumvi," Minza akasema. "Niliitia mimi."

Akauliza Didia wanasemaje sasa. Mbuke akajibu wanasema vilevile. Akauliza kama shamba lake limelimwa. Mbuke akajibu limelimwa mpunga. Mzee Maganga alikuwa amebaki nje ya ua, hathubutu kuingia.

"Na huyo anasemaje?"

"Anasema ilikuwa sukari."

Minza akabangua karanga tatu au nne. "Mwambie aingie," akasema. "Jua kali."

Mzee akaingia, akakaa kwenye mkeka, akaanza kubangua naye. Basi la Geita lilipopita, Mbuke alipanda peke yake.

Nyarugusu alikuta sufuria zake zimeoshwa na kupangwa vizuri. Mwanaima, bibi wa maandazi aliyekuwa naye banda moja, ndiye aliyemwangalizia jiko siku zote hizo. Wachimbaji walikuja kumpa pole. Walikuwa wameona alivyokonda, na walikuwa wamelizungumza jambo hilo kwa kirefu. Mbuke akawaeleza yote: alivyopimwa, alivyopimwa baba yake, na shangazi yake wa Ushirombo asiye na kosa. Aliongea mpaka sauti ikamkauka. Wakamsikiliza kwa heshima. Wakakubali kabisa kwamba ni sukari.

"Sasa, mama," mmoja wao akauliza, "hiyo sukari kakutumia nani?"

Mbuke akasema hakuna. Wakatikisa vichwa, wakamwonea huruma kwa moyo wake mzuri, na wote wakageuka kumtazama Mwanaima, aliyekuwa ameinama akipuliza moto.

Asubuhi ya tatu karai la maandazi lilikutwa limepinduliwa, mafuta yamemwagika mpaka barabarani, na Mwanaima hayupo. Mbuke aliita jina la bibi huyo mara nyingi. Wachimbaji wakamwomba akae kivulini, asije akaanguka tena.