Kamati ya Sindano

Kwetu hakuna jambo linalofanyika bila kamati. Bomba likipasuka, ndugu zangu huunda kamati kwanza, maji yakiendelea kuingia sebuleni. Kwa hiyo Mama alipotoa ile santuri kabatini, miezi michache baada ya kumzika Baba, na kusema anataka kuisikiliza, nilijua tumekwisha.

Santuri yenyewe ilikuwa imefichwa ndani ya ganda la santuri nyingine, ya muziki wa dansi. Haikuwa ya dukani. Baba alikuwa fundi mitambo redioni ujanani mwake, na huko walikuwa na mashine ya kuchonga sauti ya mtu moja kwa moja kwenye sahani. Kwenye karatasi ya katikati palikuwa na mwandiko wake: "Kwa mke wangu." Aliichonga, akaileta nyumbani, akaona haya, akaificha. Ndivyo alivyokuwa. Baba alikuwa mtu wa "ndiyo" na "haya". Ukimpikia chakula kizuri alisema haya, ukimzalia mtoto alisema haya. Mama alizeeka naye bila kuambiwa neno moja ambalo angeweza kulirudia kwa mashoga zake kwa kujidai. Sasa maneno yenyewe alikuwa ameyashika mkononi, na kilichobaki ni kuyasikia.

Mashine ya santuri tulikuwa nayo, juu ya kabati la vyombo, nzima kabisa isipokuwa kichwa. Nasema kile kidude kidogo kwenye ncha ya mkono wa mashine, kinachoshika sindano. Wajukuu walikuwa wamekivunja zamani. Mtu mwenye akili zake angekwenda dukani asubuhi akanunua kingine, na mchana Mama angekuwa ameketi analia kwa raha zake.

Lakini mwenyekiti alikuwa Kaka Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hawezi kunywa chai bila ajenda. Katibu alikuwa kaka yangu wa pili, tunayemwita Profesa kwa sababu aliacha chuo mwaka wa kwanza na tangu hapo anasoma kila kitu kwenye simu. Mtaalamu wao alikuwa mume wangu. Yeye anakodisha spika kwenye sherehe, na kwa kazi hiyo amejipa jina la Masikio. Nimeishi na Masikio muda wa kutosha kushuhudia kwamba nikimwita aje atoe takataka, hasikii.

Mama hakuwekwa kwenye kamati. Kaka Mkubwa alisema apumzike. Mimi pia sikuwekwa, maana lazima awepo mtu wa kuleta chai.

Walikwenda wote watatu kwenye duka la vifaa vya zamani. Muuzaji aliwapa kichwa kimoja, akawaambia kinaingia kwenye mashine yao na kinafanya kazi. Hilo likawatia mashaka. Jambo rahisi hivyo, Profesa alinisimulia baadaye, lazima lina kasoro. Wakamsumbua maskini yule kwa maswali ya uzito wa sindano na umbo la ncha yake mpaka akawapa vichwa vinne wakavijaribu nyumbani, wasivyovitaka wavirudishe. Nina hakika alitaka tu watoke dukani kwake.

Kisha wakajifungia sebuleni. Mlango ulifungwa, madirisha yakafungwa, mapazia yakateremshwa, maana Masikio alisema upepo unakula sauti. Wakakubaliana kwamba Mama asisikie chochote mpaka kichwa bora kipatikane, wampe kitu kilichokamilika. Na wakakubaliana pia kwamba vichwa vyote vipimwe kwa santuri ileile ya Baba.

Niliuliza. Nikiwa na sinia mkononi niliuliza kwa nini wasipime kwa zile za dansi, sanduku zima limejaa vumbi pale chini ya meza. Mume wangu alinitazama kama mteja aliyeomba spika za bure.

"Utampima bwana harusi suti kwa mwili wa msimamizi wake?" akasema, na kaka zangu wakatikisa vichwa kwa heshima kubwa.

Kazi hiyo ilikula Jumamosi baada ya Jumamosi. Kichwa cha kwanza walikisifu, lakini kwa kuwa kilikuwa cha kwanza hawakukiamini. Cha pili Kaka Mkubwa alikiona kina adabu. Cha tatu Profesa alisema kina "upana", na alipoulizwa maana yake akasema wasiojua hawawezi kuelezwa. Ikabidi warudie cha pili, halafu cha tatu, halafu vyote vitatu, mwanzo mpaka mwisho, Masikio amefumba macho kama mtu anayeumwa jino. Nikiingia na vikombe walizima mashine, kwa sababu eti mlio wa vijiko unaharibu kipimo. Kwa hiyo sikusikia hata neno.

Nilichokiona ni vumbi. Kila walipomaliza kupiga, kwenye sindano palikuwa na nyuzi nyeusi nyembamba zilizojisokota, na Profesa alizipangusa kwa brashi ya viatu akilalamika kwamba Baba hakuitunza santuri yake, ni chafu kupita kiasi. Walizipuliza zikaangukia zulia, na mimi nikafagia.

Mama wakati huo wote alikuwa jikoni. Nilimwambia asogee mlangoni atege sikio, nani angemzuia nyumbani kwake? Akakataa. Alisema hataki kumsikia vipande vipande kupitia mlango, atamngoja. Akawa anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Siku moja aliniuliza kama nadhani Baba alimwita kwa jina lake, maana kwa mdomo hakuwahi kumwita hivyo, alimwita "mama watoto" hata kabla hajapata mtoto. Nikamwambia bila shaka. Moyo uliniuma, na hasira zikanipanda kwa wale watatu wa sebuleni, lakini nikabeba chai nikapeleka.

Kichwa cha nne walikikataa mara moja. Sauti ya Baba ilitoka mbali mno, walisema, kama anaongea akiwa bafuni. Wakarudia cha tatu, nacho kikawa kimezorota. Cha pili, vivyo hivyo. Badala ya kujiuliza inakuwaje vidude vitatu vizima viharibike kwa pamoja, kamati ikaamua kwamba ni vibovu vyote na kwamba mshindi ni cha kwanza, bila hata kukijaribu tena. Wakakifunga kwa bisibisi, wakapongezana, wakamwita Mama.

Alikuja amebadilisha nguo. Alivaa gauni lake la kutokea na alikuwa amejipaka wanja kidogo, vibaya, maana macho yake siku hizi hayaoni vizuri karibu. Kaka Mkubwa alitoa hotuba fupi kuhusu kazi ngumu iliyofanyika. Kisha Masikio akateremsha sindano.

Ikatoka sauti ya kukwaruza. Tukangoja. Ikaendelea kukwaruza. Mahali fulani kulikuwa na kitu kinachonguruma chini kabisa, ambacho kingeweza kuwa mtu au lori barabarani. Profesa akaongeza sauti, na mkwaruzo nao ukaongezeka. Mama alikaa ameinamisha kichwa mpaka sindano ikafika mwisho.

Profesa alikuwa ameshaingia kwenye simu. Akatusomea, kwa sauti ya mhadhara, kwamba sahani za namna hii ni laini, ngozi yake ya juu huchunika kila zinapopigwa, na hazifai kupigwa zaidi ya mara chache. Masikio akasema hata yeye aliwahi kusikia kitu kama hicho. Nilitamani kumpiga na sinia.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Alisema nini?"

"Sauti yake ilikuwa safi sana, Mama," mume wangu akamwambia. "Nzito kidogo, lakini pumzi zilisikika moja moja."

"Sikuulizi ilivyokuwa. Nauliza alisema nini."

Wakatazamana. Wanaume watatu wazima, waliomsikiliza Baba mwanzo mwisho mara nyingi kuliko alivyowahi kusikilizwa akiwa hai. Kaka Mkubwa akasema alianza kwa salamu, anadhani. Profesa alikumbuka kwamba katikati alicheka. Masikio akasema hakucheka, sindano iliruka. Wakaanza kubishana, kicheko au kuruka, mpaka Kaka Mkubwa akagonga meza, akaomba utaratibu, na akapendekeza suala hilo liamuliwe kwa kura. Wanaoona Baba alicheka wanyooshe mikono.

Mama akainuka, akazima mashine mwenyewe.

"Maisha yangu yote na yeye hakuniambia kitu," akasema. "Siku aliyoniambia, mmesikiliza ninyi."

Kaka Mkubwa bado alikuwa ameinua mkono.