Twaha Alivyotoka Pangoni

Abubakari alikuwa ameinamia sahani ya maharage, kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Najma, aliposikia nani anakuja Doha. Akalirudisha tonge la chapati sahanini.

"Mwandishi mwenyewe, mjomba," Sabra alimwambia. Binti huyo wa Unguja alikuwa mtu wa mapokezi katika hoteli ya West Bay, na ndiye aliyekuwa akiandaa mikusanyiko ya Watanzania. "Fabian Semkiwa. Nani hakukisoma kile kitabu shuleni? Anapita hapa akielekea Ulaya. Ijumaa baada ya Alasiri tunaye. Wewe una gari, utamchukua?"

Abubakari akaitikia. Hakumwambia kwamba yeye na Fabian walikulia mtaa mmoja kule Muheza, wala kwamba kitabu hicho kilichochekesha nchi nzima yeye alikisoma mara moja tu, akakitumbukiza chooni.

Ni kisa cha wavulana watatu waliotoroka shule kwenda mapangoni kutafuta dhahabu ya Wajerumani. Koroboi inazimika, mdogo wao anapotelea gizani, mji mzima unaangua kilio. Kumbe mtoto katokea upande wa pili wa kilima, kwenye harusi ya watu, na anakutwa mkekani na wapambe wa bwana harusi, sinia la pili la pilau mbele yake. Hapo ndipo wasomaji hushika mbavu. Majina yote Fabian aliyabadili, isipokuwa la huyo mdogo: Twaha.

Twaha alikuwa mdogo wake Abubakari, kitinda mimba wa mama yao, mtoto wa miaka tisa. Koroboi ilizimika kweli. Yeye, Fabian na Twaha walishikana mashati, wakarudi wakipapasa kuta, na walipouona mwanga, nyuma ya Abubakari hapakuwa na mtu. Watu walimtafuta mpaka masika yakayajaza mapango maji. Hakuonekana, mzima wala maiti.

Ijumaa ile Fabian alitoka hotelini kanenepa, kichwa cheupe kwa mvi. Akainama dirishani kumsalimu dereva, akabaki hapo hapo ameinama.

"Abuu."

"Ingia, kuna joto."

Walishika barabara ya Kornishi, kando ya bahari. Fabian, ambaye tangu utotoni hakupungukiwa na neno, alikuwa akihangaika na mkanda wa kiti.

"Leo waambie ukweli," Abubakari alisema, macho mbele. "Waambie hakutoka."

Fabian akaufunga mkanda. "Nitawaambia."

Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya mgahawa ule wa Najma. Madereva, walinzi, wauguzi, akina mama na watoto wao, wote walijazana. Fabian aliwapa kisa cha mwalimu mkuu aliyeibiwa beberu wake na wanafunzi kisha akaalikwa kumla, na watu wakaishiwa pumzi. Sabra akamwomba awasomee ile sehemu ya harusi. Fabian akakifungua kitabu, akakitazama, akakifunga.

"Ndugu zangu," alisema, "Twaha alikuwa mtoto wa kweli. Na hakutoka."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Tupe, mzee!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nasema kweli. Alifia mle."

Wakazidi kucheka. Mama mmoja alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Walimjua Fabian: kwanza huvaa uso wa msiba, kisha ndipo hulitoa la kuchekesha. Wakamngojea alitoe. Naye, midomo ikimtetemeka, akamtazama Abubakari aliyesimama mlangoni, na hata kule kutetemeka wakakucheka.

Abubakari akashuka ngazi.

Alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma, Fabian alipokuja kukaa kando yake.

"Nimewaambia."

"Nimesikia." Kisha Abubakari akamgeukia. "Kwa nini ulimtoa, Fabian? Si ungejitungia mtoto mwingine?"

"Nilipoandika mara ya kwanza, alifia mle mle. Nikaenda kumwomba mama yako ruhusa. Wewe ulikuwa umeshakwenda Maskati. Nikamsomea, yeye anachambua mchele. Nilipofika kwenye koroboi akaweka mkono juu ya karatasi. Akasema, 'Baba, huko kitabuni kwako si unaweza? Basi nitolee mwanangu. Na jina lake usilibadili.'"

Abubakari aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Nikamuuliza, 'Atokee wapi, mama?' Akasema, 'Popote penye chakula. Atakuwa na njaa.'"

Mama alikuwa amekwisha kufariki. Likizo zote alizokwenda nyumbani, Abubakari hakuwahi kulitaja jina la Twaha mbele yake, akidhani anamsitiri. Na mama naye hakulitaja, labda kwa kumsitiri yeye. Walikuwa wakikaa wawili, wakiongea habari za mvua na majirani.

Akalaza paji la uso kwenye usukani. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kama asivyolia hata siku ile nje ya pango. Fabian akaweka mkono mgongoni pa mwenzake, akauacha hapo.

Watu wakaanza kushuka ngazi, bado wanacheka. Sabra akaja mbio, simu mkononi, akagonga kioo. Alitaka picha ya pamoja.

Fabian akakishusha kidogo.

"Tuache kwanza, mwanangu," alisema.