Kadi ya Rambirambi ya Saa Kumi

Usiku wa kuamkia leo niliota niko Chicago, zama zile Wamarekani walipopiga marufuku pombe. Sheria ilifuatwa neno kwa neno. Mapipa ya bia yalitembea barabarani yamefungwa pingu, yakiwaomba radhi wapita njia.

Mimi nilikuwa karani wa jambazi mmoja, Scarpello. Desturi yake ilikuwa hii: kila mtu aliyemuua, yeye ndiye aliyepeleka shada kubwa kuliko yote msibani. Kadi za rambirambi niliandika mimi, kwa kuwa nina mwandiko mzuri.

"Andika ya Gennaro, yule mwenye baa ya siri," anasema bosi.

"Amefariki lini, bosi?"

"Leo saa kumi."

Naitazama saa ya ukutani. Ni saa nane mchana. Saa inageuza uso, haitaki kuulizwa zaidi.

Gennaro ndiye aliyeniokoa na baridi nilipofika mjini sina hata soksi. Alivua koti lake akanivisha. Hata wakati ule naandika nilikuwa nimelivaa.

"Baa yake iko mtaa wa pili," linasema shada mezani. "Dakika tano tu. Nenda kamwambie."

"Wino haujakauka," nasema.

"Mimi ningekwenda, ila sina miguu."

Nikaipuliza kadi. Saa tisa nikaona herufi moja imepinda, nikaiandika yote upya.

Kuinua kichwa, ofisi imekuwa kanisa. Gennaro ameketi ndani ya jeneza, anasoma kadi.

"Mwandiko umetulia," anasema. "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Saa nane."

"Na mvua haikuwa inanyesha, useme ilikuzuia kuja."

"Haikunyesha."

Akanitazama bila hasira. Afadhali angenitukana. Niliona aibu hadi nikatamani ardhi ipasuke nijifiche humo. Nikaanza kuvua koti nimrudishie.

"Baki nalo, ndugu yangu. Huku hakuna baridi."

Nikaamka chumbani kwangu, Morogoro, nimelowa jasho. Kidole changu cha shahada kilikuwa na wino mweusi ambao haujakauka, na nyumbani kwetu hatuna kalamu ya wino. Nilikisugua kwa sabuni na jivu, haukutoka.

"Ulikuwa unamwandikia nani?" akauliza mke wangu.

Nikauficha mkono nyuma ya mgongo.

"Hakuna mtu," nikasema.