Kitambaa Cheusi cha Daktari Mdoe

Mguu wa Leboo ulikatwa asubuhi, chini kidogo ya goti. Mchana ule mkewe Sipora alikuwa ameketi kando ya kitanda, akikoroga uji uliokwisha kupoa. Alitarajia kulia, lakini machozi hayakuja. Hata aibu ya kutolia haikuja. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Mara ya kwanza walikuja hapa hospitalini Korogwe kutoka Kwedizinga na kidonda cha mwiba, kidonda kilichomaliza sindano zote na bado kinanuka. Daktari Mdoe, kijana wa Kizigua mwenye maneno ya haraka, aliwaambia vijidudu vya humo vimeshazoea dawa, havitishiki tena. Akatoa kitambaa cheusi cha majaribio, kilichopakwa chembe za kaboni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona.

"Hizi zinamchana kijidudu ngozi, anafia hapo hapo," alisema.

"Kaboni ndiyo nini?" Leboo aliuliza.

"Ndiyo hiyo iliyomo kwenye mkaa, mzee wangu. Msikifungue mpaka mrudi."

Sipora alirudi nyumbani na neno moja tu: mkaa. Na nani wa kumfundisha yeye mkaa? Tangu usichana wake alisafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, akisugua ndani mpaka uchachu wote ufe, kisha akiyatoa masizi kwa brashi ya mkia wa ng'ombe. Mkaa ukishamaliza kazi haukai. Mwanamke anayeacha mkaa wa jana kibuyuni husemwa boma zima, na Sipora hakuwa mtu wa kusemwa.

Basi harufu ya kidonda ilipopungua, akaona mkaa wa daktari umemaliza kazi. Akakifungua kitambaa, akakifua kwa sabuni mpaka maji yakawa meusi tii, akakianika juani kwenye ua wa miiba. Kilipokauka akakipaka mkaa mpya, wa mti ule ule wa kusafishia vibuyu, akamfunga mumewe vizuri. Leboo alimtazama tu. Usafi ni kazi ya mwanamke, angeingilia vipi?

Homa ilipanda. Waliporudi Korogwe, mguu ulikuwa haushikiki.

Sasa Daktari Mdoe alisimama miguuni pa kitanda, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Niambieni ukweli. Kuna aliyekifungua? Bibi Mwanaidi, kitanda cha pili pale, anasubiri kitambaa hicho hicho. Kama kimeshindwa chenyewe, simfungi. Naye atakatwa."

Sipora alifungua mdomo. Alimwona bibi kule kitandani akiwa amekaza macho kwao, akajua lazima aseme, na bado hakusema.

"Ni mimi," Leboo akasema. "Kiliniwasha. Nikakivua, nikakifua."

"Wewe mzee! Nilikukataza au sikukukataza?" Mdoe alifoka mpaka wodi nzima ikageuka. Alimsema mtu mzima, mwenye ng'ombe na wajukuu, kama anamsema mtoto aliyemwaga mboga. Leboo aliitikia kwa kichwa kila neno. Daktari alipochoka, alimwita nesi alete kitambaa kipya, wakaenda kumfunga Bibi Mwanaidi.

"Baba Kuntai," Sipora alimnong'oneza mumewe kwa Kimaasai, "kwa nini?"

"Wewe utakaa na wanawake wenzako miaka yote iliyobaki. Mimi watanionea huruma tu."

Alitaka kumshukuru. Akarudia kukoroga uji.

"Uache huo," Leboo akasema. "Nikune kidole gumba, kinaniwasha."

"Cha mguu gani?"

"Huu wa upande wako hapo."

Sipora aliingiza mkono chini ya blanketi, akapapasa hadi pale shuka ilipokuwa tambarare. Akaanza kuikuna kwa kucha, taratibu.

"Juu kidogo," mumewe akasema, akafumba macho.

Akasogeza mkono juu kidogo.